Mwezi wa Tano wa Mdogo Wangu

Mama yangu ana mabinti wawili, lakini ukimsikiliza anavyoongea kwenye simu utadhani alizaa mmoja tu, yule wa Ubelgiji. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Cimpunda, mlimani, ninayempikia, ninayeshuka naye mteremko Jumapili kwenda misa akiwa ameshika bega langu. Bega haliongelewi kwenye simu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu nina wivu, wivu wa tangu utotoni, na mwaka jana ulipata mahali pa kuota: kwenye kibustani chetu nyuma ya nyumba, kati ya lengalenga na vitunguu.

Mdogo wangu alikuja kwa Noeli ya mwaka juzi. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Hajamaliza hata kufungua masanduku, akaingia jikoni kwangu, akasogeza sufuria zangu, akapika mchuzi wa nyanya na fungu la mrehani alilonunua sokoni Nyawera. Sisi huku tunauita baziliki. Akaumimina mchuzi huo juu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mama, ambaye miaka yote hunieleza kwamba chumvi imezidi, na ikipungua hunieleza pia, alifuta sahani kwa tonge la fufu mpaka ikang'aa.

"Leo nimekula," akasema.

Leo! Na siku nyingine zote alikuwa anafanya nini mezani kwangu?

Siku ya kuondoka, mdogo wangu alitoa kwenye sanduku pakiti ya mbegu za baziliki, akamwekea mama mkononi. "Maman, mutakuwa nayo hapa nyumbani. Lakini musipande sasa. Mungojee mwezi ya tano, baridi ikiisha. Baziliki inaogopa baridi."

Kwamba baziliki inaogopa baridi ni kweli. Lakini baridi inayoisha mwezi wa tano ni ya kwake kule. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa, na kila mtu anakimbilia jembe kupanda maharagwe. Mvua hiyo ingeozesha mche mchanga wa baziliki kabla haujajua jina lake. Kisha inakuja mvua ya mawe. Mwezi wa kwanza mbingu inapumua kidogo: jua linatoka, udongo una joto na bado una unyevu, na hapo ndipo watu wa mlima huu wanapootesha miche yao ya nyanya. Mwezi wa tano mvua inafunga. Baada yake ni vumbi mpaka juu ya majani, bomba linakohoa hewa tupu, na usiku unatafuta blanketi la pili. Huo ndio mwezi aliotuchagulia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mwambie hivyo mama yangu.

Nilimwambia.

"Yee njo alizileta, yee njo anajua," akanijibu.

"Maman, anajua ya kule. Hapa hakuna theluji."

"Weye unapenda tu kubishana na mudogo yako."

Akaiweka pakiti ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na rozari na miwani yake, kando ya kitanda. Mimi niliwahi kumnunulia kitenge kizuri sana. Kiko juu ya kabati mpaka leo. Mbegu za mdogo wangu zikalala na rozari.

Sikuacha. Kila asubuhi nilipompelekea chai niliangalia mkebe, na kila asubuhi jua la nje lilikuwa zuri zaidi. Mwishowe nikamwomba waziwazi.

"Maman, munipatie kidogo."

"Za kufanya nini?"

"Za kupanda sasa."

"Na mudogo yako akiuliza?"

"Mutamwambia zake ziko, zinangojea mwezi ya tano."

Alifungua mkebe akinung'unika. Alizonimiminia zingetosha kufunika ukucha wa kidole gumba. Hata kama angezihesabu, asingenipa kwa uchungu mkubwa kuliko ule.

Nilitoboa beseni la zamani, nikalijaza udongo niliouchekecha kwa mkono, nikazitawanya mbegu juu bila kuzifukia. Mbegu ya baziliki ukiizika chini haioni sababu ya kutoka. Nilizinyunyizia tu vumbi la udongo juu, kama mtu anayetia chumvi. Zilipopata maji zilivaa ute, zikafanana na mayai ya chura. Nikaliweka beseni chini ya paa, mahali ambapo jua linaingia na mvua ya mawe haifiki. Mwezi wa pili nikahamisha miche kwenye mguu wa ukuta wa mawe, ule unaozuia shamba letu lisishukie kwa jirani. Mawe hayo yanakunywa jua mchana kutwa na yanarudisha joto jioni. Mvua kubwa za mwezi wa tatu zilipofika, baziliki yangu ilikuwa na shina la kusimamia. Nilikata ncha ili itoe matawi. Ikijaribu kuchanua, nilikata. Nakiri kwamba kila nilipokata ncha nilikuwa na sura ya mtu fulani mbele ya macho.

Mama alikuwa akipita hapo kwenda kuanika nguo kana kwamba haioni. Siku moja nilimkuta ameinama kwenye ukuta, jani katikati ya vidole, vidole puani.

"Inanukia, maman?"

"Nilikuwa natosha mududu." Mdudu wa kutolewa kwa pua!

Mwezi wa tano ulipofika, alifungua mkebe kama padri anayefungua misa ya Pasaka. Alichagua mwenyewe mahali, upande mwingine wa kibustani, akaketi kwenye kiti kunisimamia wakati nazipanda. Mungu ni shahidi, nilizitunza. Nilishuka chemchemini na bidoni ya kuchotea maji, nikapanda nayo ile njia ya mawe mpaka magoti yakaniuma. Nilitaka zishindwe, ndiyo, lakini nilitaka zishindwe zenyewe, bila mkono wangu. Ziliota. Zikabaki na majani yao mawili, za njano, zimefunikwa vumbi, na mwezi wa sita ulipokuwa unakwisha zilikuwa nyuzi. Mama aliziangalia kila asubuhi kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa. Mimi niliangalia pembeni, maana kuna furaha ambayo si vizuri ionekane usoni.

Kisha ikaja ile Jumapili. Tumetoka misa, simu ikalia, uso wa mdogo wangu ukajaa kwenye kioo.

"Maman, baziliki yangu iko aje?"

Nilikuwa nje, namwagilia. Mama alitoka na simu mkononi, na mimi nikangoja aelekee kwenye zile nyuzi. Hakwenda huko. Alitembea polepole mpaka kwenye ukuta wa mawe, akaigeuzia simu baziliki yangu, iliyofika magotini, ya kijani kibichi, imejaa kama kapu.

"Ona!"

"Eeh! Maman! Mulipanda lini?"

Nilisimama na kopo langu la maji, ningeweza kumgusa mama kwa mkono. Nikangoja. Nilijisemea, leo ndiyo leo.

"Mwezi ya tano," mama akasema. "Vile ulisema."

"Si niliwaambia!"

"Ulituambia, mutoto wangu. Ulituambia."

Niliingia jikoni, na sufuria za siku hiyo zilijua hasira yangu. Mama alinifuata baada ya muda, akaketi kwenye kigoda, akawa anafuta kioo cha simu kwa pindo la kitenge.

"Maman, ile ni yangu. Niliipanda mwezi ya kwanza."

"Najua."

"Sasa mbona mumedanganya? Na tumetoka misa!"

Aliendelea kufuta kioo, ingawa kilikuwa safi.

"Weye uko na mimi," akasema. "Uko na hii nyumba. Uko na shamba. Hata hii kikohozi yangu uko nayo. Yee iko na nini hapa? Iko na mwezi ya tano tu."

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Niliona ukweli wa maneno yake, na wivu wangu ukakaa palepale, sasa pamoja na ukweli, wamebanana. Jioni nikachuma majani ya ukutani, nikapika sambaza kwa mchuzi wa nyanya. Mama alikula, akafuta sahani kwa tonge mpaka ikang'aa.

"Inafanana na ya mudogo yako," akasema.

Alidhani amenisifu. Na pengine alikuwa amenisifu kuliko siku zote, sijui. Niliichukua sahani nikaenda kuiosha.

Mwaka huu sikuomba. Nilikuwa nimeziacha baziliki chache zichanue mpaka zikakomaa, nikakusanya mbegu zangu mwenyewe, na mwezi wa kwanza nikaotesha kwenye beseni lile lile. Ukuta mzima sasa unanukia. Mwezi wa tano ulipofika, mama alifungua mkebe, akanipa mkononi kilichobaki kwenye pakiti ya mdogo wangu. Nami nikapanda mstari mmoja, palepale pa mwaka jana. Nikashuka chemchemini na bidoni. Zimeota, zimekuwa nyuzi.

Jumapili iliyopita kikohozi kilimbana mama, akanipa simu niongee mimi.

"Yaya," mdogo wangu akaniuliza, maana huku dada mkubwa ndiye yaya, "baziliki yangu ya mwezi ya tano iliota?"

Niliangalia nyuzi. Niliangalia ukuta wangu. Mama alikuwa ananitazama kwa juu ya miwani yake, na kikohozi chake kilikuwa kimesimama.

"Iliota," nikamwambia.

Kwamba iliota vizuri, hilo sikusema.