Kukaa Kitini Mpaka Okestra Imalize

Shule niliiacha darasa la tatu. Mashine ya kusaga pale Bunda nimeinunua kwa jasho langu, na binti yangu wa mwisho nimemsomesha kwa kusagia watu mahindi. Kwa hiyo aliponiambia anapiga fidla kubwa, ile inayobanwa kwa magoti, kwenye okestra ya vijana huko Mwanza, nilimuuliza wazi: "Hiyo nayo ni kazi?"

"Baba, njoo usikie kwanza."

Mara ya kwanza walipiga Bunda, ukumbi wa kanisa. Kwetu Butiama mpiga litungu, zeze letu la nyuzi, akikugusa, hungojagi amalize. Unainuka, unamtunza palepale. Ukikaa tu umemdharau. Nilibeba kitenge kipya. Muziki ulipopanda nikapita katikati ya viti nikicheza, nikamvika mwanangu begani. Kitenge kikamfunika mkono wa upinde. Sauti yake ikakatika, wenzake wa jirani nao wakayumba. Mwenye kijiti, yule anayewaongoza, akageuka kunitazama. Nikampungia mkono.

Tulipotoka nje binti yangu alikuwa analia. "Baba, ukiinuka tena, sikualiki."

"Nimekutunza mbele za watu, halafu unalia?"

"Nataka unisikie. Kunitunza baadaye."

Nyumbani mama yake alinicheka: "Mzee mzima umefukuzwa na fidla!" Sikucheka. Huyu ndiye mtoto pekee anayenipigiaga simu hata kama hana shida.

Walipokuja Musoma, ukumbi mmoja wa mtaa wa Mukendo, nilikwenda na kitenge kilekile. Nikakikalia, kisinitie majaribuni.

Mwanzoni nilisikia fujo tu. Nikafumba macho kama nifanyavyo mashineni, maana injini ikichoka naisikiaga kabla haijatoa moshi. Nikatafuta sauti ya chini. Nikaipata: fidla kubwa zinavuta mzigo polepole, zile ndogo zinakimbia juu yake. Za chini zikanyamaza. Za juu zikabaki zinaning'inia, nami nikashika kiti kwa mikono miwili. Ziliporudi nikapumua. Kumbe mwanangu kazi yake ni hiyo. Watu wanaangalia walio mbele, lakini yeye akiacha, wote hawana pa kukanyaga.

Mahali fulani wakanyamaza wote. Mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Usipige makofi, mzee, haijaisha."

"Najua," nikamjibu. Nilikuwa sijui.

Ilipoisha kweli, ukumbi mzima ulisimama na makofi. Mimi nilibaki nimekaa. Ile sauti ya chini ilikuwa bado inanitembea kifuani, sikutaka kuitikisa. Watu wakaanza kutoka. Binti yangu akashuka, akasimama mbele yangu.

"Baba, tumemaliza. Sasa unaweza kuinuka."

"Ngoja kwanza."

Akangoja. Halafu akaona pindo la kitenge linachungulia chini yangu. "Hicho umekikalia muda wote?"

"Muda wote."

Akanivuta mkono, nikainuka. Akakichukua kikiwa bado cha moto, kimejaa makunyanzi, akajivika mwenyewe begani.