Mstari wa Mbele

Kama kuna mtu aliyejua anachokitaka duniani, ni Glenda Thackray. Hakutaka bwawa la kuogelea, hakutaka baa yenye muziki, wala hakujali kama duka liko karibu. Alitaka karavani moja tu, nyumba ndogo ya magurudumu, ile ya kuegeshwa isiende popote tena, na aliitaka kwenye kona ya kusini ya kambi ileile ya likizo aliyozoea kwenda na marehemu mumewe, karibu na uzio. Kambi nyingine zote za pwani ya Yorkshire ambazo wifi yake Hilary alimtajia, alizikataa hata kabla ya kuziona.

"Wifi, una ubishi wewe!" Hilary alimwambia. "Hata punda wa ufukweni wana nafuu."

"Na wewe acha kula chipsi zangu. Zako umezifakamia zamani."

Sababu waliijua wao wawili tu. Pale kwenye uzio ndipo alipozikwa Desmond, mume wa Glenda na kaka yake Hilary. Majivu yake, maana ndivyo alivyotaka, achomwe. Wengi wa huko majivu huyamwaga baharini, wakarudi nyumbani kunywa chai. Des alikataa katakata. Utotoni aliponea chupuchupu kufa maji kwenye mfereji wa mashua, na tangu hapo yeye na maji ni paka na panya. Kila kiangazi alikaa garini akiitazama bahari kupitia kioo, chupa ya chai mapajani, viatu hajavivua. Siku zake za mwisho hospitalini alimshika mkewe mkono. "Glen, popote utakapoona panafaa, ila si majini. Niapie."

Glenda akaapa. Yeye na Hilary wakaja alfajiri na sepetu ndogo, bila kumwomba mtu ruhusa, wakamfukia na kurudishia majani juu. Baada ya hapo mama yake Glenda akapooza, na miaka ikapita akimuuguza, pwani asiikanyage. Sasa mama naye alikuwa amepumzika, na Glenda alikuwa na neno moja tu moyoni: kwenda kukaa na mumewe.

Muuzaji wa karavani pale kambini, Bwana Pickersgill, mtu mzima mwenye tai ya picha za nanga, aliwatangulia huku upepo ukimpiga tai usoni.

"Hapa ndipo, mama. Mstari F. Ndio wa mbele kabisa, bahari yote yako!"

Glenda akasimama. "Mstari wa mbele ni A."

"Zamani, mama."

"Sisi tulikuwa tunakodi kwenye D. D iko wapi?"

Bwana Pickersgill akakohoa. Akanyoosha kidole, si kushoto wala kulia. Alikinyoosha mbele, kwenye hewa tupu, juu ya maji ya rangi ya matope.

"Bahari inatumega kila mwaka, mama. Ukingo wenyewe ni udongo mtupu. Lakini karavani tunazivuta nyuma mapema. Ile kona ya kusini yenye uzio ilikwenda na dhoruba ya mwaka juzi. Tunashukuru, hatukupoteza kitu."

"Hamkupoteza kitu?"

Glenda akaketi kwenye majani yaliyolowa, na koti lake zuri. Dhoruba ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa kwake Leeds, kitandani, akiulaani upepo kwa kumwangushia chungu cha maua. Chungu, jamani! Na nani angempigia simu kumpa habari, ilhali maziko yenyewe waliyafanya kwa kujificha?

"Hilary," alisema, "tumemtosa. Alituomba kitu kimoja tu, kimoja, na tumemtosa."

Hilary, ambaye mdomo wake haujui likizo, safari hii aliyakodolea macho maji tu, chipsi mkononi.

Bwana Pickersgill hakuelewa hata chembe. Akadhani mama wa watu ameogopa. "Nina kiwanja salama kule nyuma, karibu na barabara. Hapa, nisikufiche, zikipita baridi tatu nne tutakuwa tumeshakuvuta nyuma."

Glenda akainuka, akaenda mpaka kwenye kamba ya ukingo. "Des! Nisamehe, mume wangu! Sikujua!" Akalia kwa sauti, yeye ambaye siku ya msiba alikuwa akiwagawia watu sandwichi. Kisha akageuka. "Naitaka hapa. Hapa hapa."

"Lakini mama, si nimekwambia..."

"Nimesikia. Siku ya kunivuta, nivuteni. Mpaka siku hiyo nitakaa naye. Maji yote yale, bwana, na mwenzangu anayaogopa."

Bwana Pickersgill akamgeukia Hilary kuomba msaada. "Dada, hebu zungumza na mwenzio."

Chipsi zikamponyoka Hilary, shakwe wakazivamia, hata hakuwafukuza.

"Iwe ya vyumba viwili," alisema. "Ni kaka yangu yule."