Punje Moja ya Mahindi

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Salvina alitoka uani kwake Rau, Moshi, akatazama majani ya migomba. Yakilala upande kwa upepo, alijua kule bwawani Nyumba ya Mungu mashua zingekimbia. Majirani walimtania, "Mama Lucky, unasubiri mgeni?" Alicheka tu. Mumewe, Mathew, ndiye aliyemzoesha, na hata alipokwisha kumzika hakuacha.

Mathew alikuwa mwanachama wa klabu ya mashua za tanga pale bwawani. Klabu yenyewe haikuwa na bosi wala kibarua. Wanachama walifagia wenyewe, wakapaka mashua rangi, wakapika kwa zamu. Salvina aliwashonea matanga yalipochanika, na Jumapili alishika usukani huku Mathew amelala chali akiimba. Lakini pale mjane harithi uanachama. Lazima apigiwe kura, na mashua ya asiye mwanachama haikai bandani. Ile mashua Mathew aliiunda kwa mikono yake, kwa mbao za mringaringa uliokatwa kihambani, shamba la ukoo la baba yake. Salvina hakutaka kingine.

Kura yao ilikuwa ya kibuyu. Ukimtaka mtu, unatumbukiza punje ya kahawa. Usipomtaka, ya mahindi. Hindi moja linatosha kumkataa, na mila yao ni kwamba haulizwi mtu ameweka nini.

Siku ya kura, mwaka wa tisini na tatu, zamu ya kupika ilikuwa bado imeandikwa jina la marehemu Mathew, kwa hiyo Salvina alikuwa kibarazani na sufuria la machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Dirishani alimwona mwenyekiti, mzee Gidioni, akimimina kibuyu mezani. Kahawa, kahawa, kahawa, halafu hindi jeupe. Mzee akatoka, kofia mkononi.

"Mama Lucky, umeona mwenyewe. Utaratibu ndio huo."

"Na mashua, mzee?"

"Uiondoe, au umuuzie mwanachama."

Salvina akawapakulia wanachama. Walikuja na sahani, mmoja mmoja, wakamwinamia sikioni.

"Shemeji, mimi niliweka kahawa," alisema Basili, aliyebeba jeneza la Mathew.

"Mungu ananiona, si mimi," alisema Aminieli.

Wote wakasema hivyo. Salvina akawaitikia asante, asante. Angetokea mmoja akasema ni mimi, angemwuliza amemkosea nini. Sasa hakuwa na wa kumwuliza.

Mzee Gidioni alirudi na sahani tupu. "Ndizi zimeiva vizuri. Mwezi ujao utakuja kutupikia, au siyo? Kupika hakuna kura."

Wachache wakacheka, kidogo.

Salvina akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akafutia mikono, akakikunja. Akaenda bandani, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, akasimama hivyo. Kisha akapita katikati ya meza zao, akatoka getini, akashika barabara ya vumbi ya kurudi Moshi kwa miguu.

"Shemeji, ngoja basi upate lifti," Basili aliita.

Hakugeuka. Mashua hakuiuza wala hakuifuata, na klabuni hakukanyaga tena.