Kadi za Katoni ya Sabuni

Juzi nilimwona binti yangu akijifunza Kiingereza kwenye simu. Neno alilolikosa lilirudi upesi. Alilolijua lilikaa siku kadhaa bila kuonekana. Nikaanza kusikia harufu ya sabuni.

Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu kule Kibabi. Alikata katoni ya sabuni ikawa kadi, akanifundisha lugha ya wenye bunduki walioshika njia ya Walikale. Kadi niliyoijua ilingoja Jumapili. Niliyoikosa niliulizwa tena kila jioni. Nilidhani ni masomo tu. Sikujua kwamba Papa alikuwa anatafutwa.

Kadi moja ilinishinda kabisa. Kwa Kiswahili chetu ilikuwa: "Papa yako iko wapi?" Jibu lake lilikuwa: "Alikufaka." Sikutaka kulisema, maana Papa alikuwa ameketi mbele yangu, vidole vyake vikinukia sabuni.

"Sema tu, mama," aliniambia kwa upole.

Alasiri tuliyokimbia, nilitangulia na shangazi. Papa alikuja nyuma katikati ya watu, kama mtu asiyetujua. Kwenye bariere, kizuizi cha wenye bunduki, mtu mmoja alichuchumaa mbele yangu, akinuka pombe ya ndizi, akaniuliza swali lile la kadi. Nilijibu kwa lugha yake, bila kukosa hata kidogo.

Kisha nikageuka nimwone Papa, kama amefurahi. Yule mtu akafuata macho yangu.

Mimi na shangazi tulipita.

Tangu hapo sijaikosa kadi ile. Lakini bado inarudi kila jioni.