Kisiwa Ndani ya Nduwa

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya tope la nduwa asubuhi, maji yakishafunguliwa. Nduwa ni bwawa dogo la kuchimbwa, na letu lilikuwa juu kidogo ya vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, nalo lilikuwa mali ya nyumba tatu. Maji ya mfongo, yaani mfereji unaoteremka kutoka msituni, yaliingia humo jioni yakalala; alfajiri mwenye zamu alizibua tundu lililokuwa chini ya ukuta, nayo yakashuka kwenye migomba na kahawa. Yakiisha, chini lilibaki tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza na ya chuma, kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Nilikuwa darasa la sita, miaka ile watu wa kwetu walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya za kupeleka soko la Kiboriloni. Mama aling'oa mistari minne. Meku, ndivyo tulivyomwita babu yangu mzaa baba, hakumsemesha kwa wiki mbili, lakini zamu yake ya maji hakumnyima.

Meku ndiye aliyesimamia nduwa. Ukuta wake ulijengwa na baba yake kwa mawe meusi mazito, yale yaliyotoka katika moto wa zamani wa mlima, yakapangwa bila saruji na udongo ukashindiliwa katikati. Kazi ya mawe yale ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alichota, alimwagilia, alipanda mboga, ukuta hakuugusa. Sababu sikuwahi kuambiwa, na mimi sikuwa mtoto wa kuuliza. Shuleni nikiitwa jina, masikio yalipata moto na majibu niliyoyajua yakanipotea.

Mwalimu wetu wa Jiografia, Mwalimu Hamisi, alitoka Pangani. Alivaa sweta mbili kwa baridi ya kwetu, na wanafunzi walimcheka akiwa amegeuka ubaoni. Kitabu kilikuwa kimoja, kwa hiyo alichora sana. Siku moja alichora visiwa vya Komoro. Alisema Ngazija ni mlima kama wetu, ila miguu yake iko baharini. Moto bado uko ndani, na kila ukimwaga uji wa mawe hadi ufukweni, kisiwa kinaongezeka. Ndiyo maana kando zake ni mawe meusi na ghuba ni chache. Maore, kisiwa mwenzake, ni mzee. Moto wake ulizimika zamani, mvua na mawimbi vimemla, na amekuwa akizama kidogo kidogo kwa uzito wake mwenyewe hata bahari ikaingia mabondeni.

"Moto unajenga, maji yanachonga," alisema. "Sasa nani ataniambia kwa nini maji hayachongi sawasawa pande zote?"

Wote tuliinamia madaftari. Akatutania kwamba watu wa mlimani tunajua ndizi tu. Mimi nilidhani najua jibu, lakini mkono wangu ulibaki juu ya dawati. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijichukia, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaamua. Nitakijenga hicho kisiwa, nikione kwa macho yangu, kisha nitanyoosha mkono.

Mchana nduwa ilikuwa tupu. Nilichagua kona ya mbali, penye matete, nikaanza kujenga. Upande mmoja nilitumia majivu ya jikoni na udongo mwekundu. Upande wa pili nilitaka mawe mazito yasiyosukumwa na maji, na mazuri kuliko yote yalikuwa chini ya ukuta, karibu na tundu. Nilitoa sita. Mapengo niliyaziba kwa tope na majani ya mgomba, nikayapiga kwa kiganja mpaka yakang'aa. Niliona nimeziba vizuri. Jioni maji yalipoingia na kukizunguka kisiwa, nilikaa ukingoni nikasukuma mawimbi kwa gamba la mgomba, taratibu, mpaka mikono ikauma. Nilifanya hivyo jioni tatu. Kwenye mawe, wimbi lilipiga likarudi. Kwenye majivu liliingia, likatoka limebeba kidogo, likaingia tena, na jioni ya tatu palikuwa na ghuba yenye mdomo mwembamba na ufuko mwekundu. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Sikumwambia mtu.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Mama. Alikuta nduwa tupu na ukuta umebomoka karibu na tundu, pengo la kupita mtu mzima. Maji yote yalikuwa yameishia korongoni. Nyanya zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Meku alishuka kwenye pengo, akapapasa, akasema mawe sita hayapo na kwamba hayakuchukuliwa na maji, yalitolewa kabla. Kila mtu alitazama upande mmoja. Mama Aloisi, mjane jirani yetu, ndiye mwenye nyumba ya tatu, na wiki hiyohiyo alikuwa amejenga jiko jipya na kuweka mafiga mapya matatu, meusi, makubwa.

Jumapili baada ya misa tulisimama wote kando ya ukuta. Meku alisema nyumba ya Mama Aloisi haitapata maji mpaka mawe yarudi. Mama yule alikuwa na ng'ombe mmoja, na magimbi na mboga ndivyo vilivyomlisha. Hakuwa na mwanamume wa kumsemea kwenye mambo ya mfongo, basi akajisemea mwenyewe.

"Meku, jiwe lililolala majini ukiliweka motoni linapasuka, linakutoa macho. Mwanamke gani hajui hilo? Au siku hizi mafiga mnapanga nyinyi?"

Baadhi walicheka chini chini. Meku hakucheka. Alisema mawe yalikuwepo na sasa hayapo, na jikoni kwa mjane yapo. Mama Aloisi alimgeukia Mama, lakini Mama alikuwa anatazama nyanya zake. Nikaona kwamba maneno ya Mama Aloisi yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia kitu, na kwamba nikinyamaza yataishia hapo. Basi nikavua viatu, nikaingia kwenye tope.

"Manka, gauni," Mama alisema.

Nilikwenda hadi kwenye matete, nikang'oa jiwe, nikalibeba kifuani na kuliweka miguuni pa Meku. Nikarudi kuchukua la pili. Nilipoweka la tatu sauti ikatoka.

"Meku, ni mimi. Nilikuwa najenga kisiwa."

Mtu mmoja aliuliza kisiwa cha nini. Nikasema cha Komoro, wakacheka. Safari hii sikunyamaza. Nilimwonyesha Meku mahali maji yaliporudishwa na mahali yalipoingia, nikamwambia ukuta nao umeliwa hivyohivyo, pale nilipotoa jiwe nikaweka tope. Alichuchumaa akaupapasa ule ufuko mwekundu. Kisha akamwambia Mama Aloisi kwamba zamu yake iko palepale, na akaongeza, kwa shida, kwamba amekosea. Halafu akanigeukia.

"Mawe uliyatoa kwa mkono upi?"

"Yote miwili."

"Utayarudisha kwa hiyohiyo."

Baba mmoja akamkumbusha kwamba mimi ni msichana. Meku akajibu, "Ukuta haukumuuliza alipokuwa anautoa mawe."

Tulijenga siku tatu. Alinifundisha kugeuza jiwe mpaka likubali kukaa, kuweka pana chini na kushindilia udongo kwa mti. Vidole vilichubuka. Mistari miwili ya nyanya ilikauka, miwili ikapona. Alhamisi darasani nilinyoosha mkono, nikasema maji yanakula palipo laini kwanza. Mwalimu Hamisi aliuliza nani kaniambia. Nikasema nduwa.

Niliishia darasa la saba. Bahari sijaiona hadi leo. Meku amezikwa chini ya migomba, mwalimu alihamishwa, vihamba vimegawanywa mara mbili, na maji ya mfongo yamekuwa membamba; wengi sasa wanategemea bomba, siku likitoa. Kwenye ule mlima wetu maji bado yanachonga, na kila masika yanaurudia ukuta mahali palepale. Siku hizi hakuna anayesema kazi hiyo ni ya wanaume, labda kwa sababu wanaume wenyewe wameshuka mjini. Ninaifanya mimi. Yale mawe sita nayajua kwa kuyapapasa, na ndiyo ninayoanza nayo. Mama Aloisi amezeeka, hatoki sana, lakini akinisikia napiga udongo huita kutoka jikoni, penye mafiga yake yaleyale.

"Manka, yapo yote?"

Nayagusa moja moja kabla ya kumjibu.

"Yapo yote, mama."