Siku Niliyomtafsiria Mama kwa Wakili

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alianza kusahau. Nilimkuta siku moja amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, hatua chache tu kutoka kwetu mtaa wa Sydenham, taa inawaka kijani, inawaka nyekundu, na yeye bado anajiuliza nyumbani ni upande gani. Daktari akasema atafika mahali pa kuhitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Wakili naye akasema, kama nyumba inahamia kwangu, ihamie sasa mama angali na akili zake. Baadaye hata sahihi yake haitakuwa na kazi.

Basi, hapo mimi nikawa situlii. Sina subira, hata wateja wangu wa saluni wanalijua hilo. Kila jioni namuuliza, mama, twende kwa wakili lini? Jumatatu. Jumatatu ikifika, mguu unamuuma. Nyumba ile marehemu baba aliinunua kwa jasho la mitumba, na mtoto wao ni mimi peke yangu. Sasa apewe nani mwingine? Eish! Sufuria ikigonga jikoni tu, naruka.

Mwishowe alikubali. Alivaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda taxi mpaka mjini. Mkalimani tuliyeahidiwa hakutokea, na mama Kiingereza chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Wakili akasema nimtafsirie mwenyewe.

Nyumba ni ya nani? "Yangu." Akitia sahihi, itakuwa ya nani? "Ya huyu." Nikaona tumemaliza. Ndipo wakili akataka nimuulize kama kuna mtu anayemlazimisha.

Nikamuuliza. Mama akanikazia macho.

"Mwambie iko. Ni huyu anayeniuliza."

Haki ya Mungu, nilimkasirikia! Wakili anangoja, kalamu mkononi. Ningesema hapana tu, mambo yakaisha, na nani angejua? Halafu nikamwambia kwa Kiingereza, vile vile mama alivyosema: ni mimi ninayemlazimisha.

Wakili akafunga faili. Akasema turudi siku nyingine, na mkalimani asiye ndugu yetu.

Nje nilitangulia mbiombio, hasira zimenijaa, machozi yako karibu.

"We mtoto, ngoja basi! Mguu huu!"

Nikasimama. Akafika, akaniegemea, anahema.

"Umeniaibisha, mama," nikasema. "Na nimemwambia kila kitu, ulivyosema."

"Najua. Ungemdanganya, angefunga faili?"

Nikamshika mkono, tukaanza kutembea.

"Tafuta huyo mkalimani, nitatia sahihi. Nyumba ni yako, nilikuwa naijua hiyo zamani. Lakini siku inakuja nitalala kitandani kwa watu wasiojua lugha yetu, niseme naumwa, na wao watasikia tu kile utakachowaambia wewe."