Miche Kumi na Miwili ya Mama

Kabla Mama hajaenda Dodoma kutengenezwa macho, aliniachia kazi moja tu, na kazi yenyewe ilikuwa kutofanya kitu. "Usiimwagilie," aliniambia, "mpaka kidole kikwambie." Nikaitikia haraka haraka kama kawaida yangu. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa nyumba, nina duka la vitambaa na mdomo wa kutosha, sikuona mche wa pilipili utanishindaje.

Ilikuwa miche kumi na miwili. Ilikaa sebuleni, ndiyo, sebuleni, juu ya meza ya kioo ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuegesha kikombe cha chai. Mama aliiotesha kwenye chupa za maji zilizokatwa nusu na kutobolewa chini kwa msumari wa moto, zikapangwa kwenye sinia la pilau karibu na dirisha. Anayeshangaa hajaishi Singida. Nje kuna kuku, na kuku wetu wakiona udongo umelainishwa wanaitana. Halafu kuna upepo. Upepo wa Novemba ukianza saa nne asubuhi unachukua shuka lako kwenye kamba unalipeleka kwa jirani bila hodi. Mche wa majani manne una ubavu gani?

Na pilipili zenyewe si hizi za sokoni. Bibi mzaa mama alikuja nazo kutoka Tanga alipoolewa huku bara, mbegu kazifunga kwenye pindo la khanga, na tangu siku hiyo hazijakatika nyumbani kwetu. Ni ndefu, nyembamba, ncha imejikunja, na pale jani linapoungana na shina pana alama ya zambarau, kama mtu kagusa kwa kalamu ya wino. Mwaka uliotangulia ukame ulimaliza mashina yote ya uani. Zikabaki pilipili mbili kavu kwenye kopo la kahawa. Ndugu wa Tanga tuliwapigia simu kuomba mbegu, wakacheka sana, wakasema wao siku hizi wanakula pilipili ya chupa. Kwa hiyo hiyo miche kumi na miwili ndiyo ilikuwa ukoo mzima. Ikifa, imekwisha.

Mama aliiotesha akiwa haioni. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni miaka mitatu. Kwanza ulimnyang'anya sindano, maana alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe zenye vijitundu. Ya mwisho alimshonea Baba, akaweka sindano chini. Baadaye ukamnyang'anya msahafu, mwishowe nyuso zetu. Lakini kwa miche hakuhitaji macho. Kila asubuhi alichomeka kidole cha shahada kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, anatia maji vijiko vitatu. Kikitoka na udongo umekigandia, anapita zake. Siku moja nilimuuliza kama yale ni maji au dawa ya kikohozi. Akaniambia nikamalize kupika.

Basi akaenda, akafikia kwa mdogo wangu anayeishi huko. Wiki tatu, daktari alisema, jicho moja kisha jingine.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyoishi na maji. Kwetu bomba linatoka mara mbili kwa wiki, tena likitaka. Maji hayafanyi kazi moja yakaachwa yaende. Yaliyoosha mchele yanasubiri vyombo, yaliyoosha vyombo yanakwenda kwenye mpapai. Baba, ambaye alistaafu biashara lakini hakustaafu ubahili wa maji, akitawadha anakalia kigoda na chini ya miguu anaweka karai, lisipotee tone. Kumpa mtu maji katika nyumba hii ni kumpenda. Hajazaliwa wa kutuambia kwamba maji yanaweza kuzidi.

Siku ya pili tangu Mama aondoke nikachomeka kidole changu. Kikatoka na udongo. Nikakitazama, nikasema hiki kidole hakina uzoefu. Jua lile, joto lile, viumbe vidogo vile, vikae hivi hivi bila maji? Roho haikukubali. Nikavitilia maji ya mchele, kidogo tu. Kesho yake tena, kidogo tu. Baada ya siku kama nne majani yakaanza kulegea. Ahaa! Si nilisema? Kiu! Nikaongeza.

Wiki ya pili sebule ikaingia visubi. Baba akasema vinatoka kwa jirani. Udongo ukaota ukijani kwa juu, nikaona ni dalili ya rutuba. Miche ikazidi kuinama. Nami nikazidi kuwa mkarimu.

Alasiri moja nilirudi nyumbani kuchukua futi yangu ya kupimia niliyoisahau. Kufungua mlango, namkuta Baba kapiga magoti mbele ya meza ya kioo, mikono ya kanzu kaipandisha, miguu bado inachuruzika, kashika kopo. Anaimiminia miche, mmoja mmoja, na anaongea nayo. "Kunyweni, wanangu, kunyweni. Mama yenu yuko njiani."

"Baba!"

Alishtuka, kopo lote likaishia kwenye zulia.

"Unafanya nini, Baba?"

"Nasaidia. Miche inakufa kwa kiu, wewe uko dukani."

"Kiu ipi? Mimi naimwagilia kila asubuhi!"

"Kila asubuhi?" Akasimama wima. "Mama yako si alikukataza?"

"Na wewe je?"

"Mimi hakunikataza. Mimi hakuniambia neno lolote."

Hapo alikuwa na haki. Nikamuuliza anawapa mara ngapi. Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Alfajiri. Adhuhuri. Alasiri. Magharibi." Akatafakari. "Na isha, ila ya isha huwa kidogo."

Niliinua chupa moja. Chini, kwenye sinia, maji yalikuwa yametuama, kambale angeishi humo na familia yake. Nikagusa shina la mche, likakatika kama uzi uliooza. La pili vilevile. Miche tisa ilikuwa imekwisha kabisa, imesimama kwa adabu tu. Mitatu ilipona kwa sababu meza ina mguu mfupi upande mmoja, sinia likainama, ile ya upande wa juu haikufikiwa na lile ziwa. Baba akakaa kwenye kochi. Hakuinuka mpaka adhana, na mimi nikasahau futi.

Jioni hiyo Mama akapiga simu. Jicho la pili limeshafanywa, anaendelea vizuri, na miche yake je? Baba akanitazama. "Haijambo," akamwambia. "Inakusalimia."

Nani alianza kutoa wazo, mpaka leo tunasukumiana. Ninachojua ni kwamba siku iliyofuata nilikwenda kwa muuza miche pale sokoni nikachukua tisa ya pilipili ndefu, kimo kilekile, tukaipandikiza kwenye chupa za marehemu. Tukapanga sinia, tukarudi nyuma hatua mbili kutazama. "Kwani atajua?" Baba akasema. Nami nikasema hatajua. Watu wazima wawili, tumemaliza wiki tatu tunaomba dua macho ya Mama yafunguke, halafu tunakaa tunapanga mpango ambao unahitaji awe haoni.

Aliingia siku ya Alhamisi, kavaa miwani myeusi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavua miwani. Akamtazama Baba kwa muda mrefu. "Kumbe ndevu zimekuwa nyeupe zote, Mzee wangu?"

"Zilianza ulipoondoka."

Akanigeukia. "Na wewe umenenepa." Hapo nikajua madaktari wameifanya kazi yao barabara. Akayaona mapazia, akaguna. Akaliona zulia, akaguna zaidi. Kisha akafika mezani.

Alifumba macho. Mazoea, nadhani. Kidole kikaingia chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Udongo huu sikuuchanganya mimi," akasema. Akafumbua macho, akabeba chupa moja mpaka dirishani, akaigeuza, akatafuta ile alama ya zambarau. Akabeba nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Sikuthubutu kumtazama Baba.

"Hawa tisa ni wageni," Mama akasema. "Wangu wako wapi?"

Tulisema yote, tukikatizana, kila mmoja akimsingizia mwenzake kisha akimtetea. Tulipofika kwenye swala tano, Mama aliinua mkono. "Mmeitawadhisha miche yangu mpaka ikafa?"

Siku nyingine tungecheka. Mama alikaa kwenye kochi, chupa ya mgeni bado iko mkononi, akasema taratibu kwamba mama yake alisafiri siku mbili kwenye treni na zile mbegu, akalala nazo, wala hazikulowa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Baba alikuwa anatazama zulia.

"Hii mitatu hailali tena humu ndani na nyinyi," Mama akasema.

Alasiri hiyohiyo tukaihamisha. Uani kuna tairi bovu la lori, tumelizungushia miiba kwa ajili ya kuku, na ndani yake Mama alikwishaandaa udongo na samadi tuliyoletewa kutoka Ihanja. Alikatazwa kuinama, akakatazwa vumbi, kwa hiyo alikaa mlangoni akaongoza kwa mdomo. Pasua chupa kwa ubavu. Usishike shina, shika jani. Bonge la udongo litoke zima. Maji mara moja tu. Mara moja, Mzee! Wale wageni tisa tukawapanda kandokando ya ukuta, maana alisema hawana kosa lolote.

Baba akapewa ulinzi. Nilitegemea atasinzia.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na upepo ukaanza mapema, na jua likawa la kuchoma. Niko jikoni, nikamsikia Mama anatoka na miwani yake myeusi, anasimama. Nikamfuata. Ndani ya tairi, juu ya vijiti vilivyochomekwa vizuri, zilikuwa zimesimama kofia tatu. Baba ana kofia tatu tu. Mwenyewe alikuwa kando, kavaa kanzu ya Ijumaa, kichwa wazi, anajifanya anatafuta kiatu.

"Kivuli cha matawi kingeliwa na mbuzi wa jirani," akaeleza. "Na hizi zina vitundu. Zinapitisha hewa."

Mama akapita kwenye miiba, akainua kofia ya kwanza. Mche umesimama. Ya pili, umesimama. Ya tatu, umesimama pia, na hizo mbegu zilizomo kwenye kopo la kahawa sasa hivi zote zimetoka kwa hao watatu. Lakini ile kofia ya tatu hakuirudisha. Akavua miwani, akaisogeza karibu na uso. Ilikuwa ile ya mwisho aliyoshona yeye.

"Hii imepinda," akasema.

Baba akaacha kutafuta kiatu.

"Ua la huku liko juu, la huku liko chini. Na hapa nimeruka mistari miwili." Kidole chake kilikuwa kinafuata uzi. "Umeivaa hivi msikitini?"

"Kila Ijumaa."

"Miaka mitatu. Mbele za watu. Na hukuniambia."

"Ungeifumua," Baba akasema. "Na ungeshindwa kuishona tena."

Mama aliikung'uta udongo kwenye goti, akamvalisha Baba mwenyewe, akaiweka sawa, ingawa kwa kofia ile hakuna sawa. Kisha akavua khanga yake ya begani, akaikunja, akaufunika ule mche wa tatu.

"Nenda, utachelewa hotuba. Na ukirudi usiwape maji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Baba akatoka. Nikamwambia Mama aingie ndani, upepo si mzuri kwake, lakini alimfuata mpaka getini akasimama hapo, miwani mkononi, akimtazama yule mzee na kofia yake iliyopinda akipita duka la mkaa, akipita mashine ya alizeti, mpaka kona ya msikiti.

"Bado namwona," akasema.